Posa ya Darasa la Sita

Nilipopangiwa kufundisha Kiingereza darasa la sita, katika shule moja ya msingi upande wa Litapunga, nilijiona nimeula. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, vidole havijakaushwa na chaki, na niliamini kabisa kwamba mtoto yeyote akifundishwa vizuri ataelewa am, is na are kabla ya kengele ya mapumziko. Mimi, am. Yeye mmoja, is. Wakiwa wengi, are. Nilijiuliza kuna nini hapo cha kumshinda mtu.

Kilichotushinda kilikuwa heshima. Wengi wa watoto wale walitoka katika familia zilizokuja zamani kutoka Burundi, wakulima hodari, watu wa kanisani. Waliobaki walikuwa Wabende na Wafipa wachache. Katika nyumba nyingi za pale mtu mzima hasemwi kama mtu mmoja. Baba ni "wao". Bibi ni "wao". Mzee mwenye mvi akipita na jembe lake begani, peke yake, "wamepita". Basi mimi naandika ubaoni "My father, kistari, a farmer," nawaambia jazeni, na darasa zima, wenye akili na wavivu pamoja, wanajaza are. Nafuta, naeleza kwamba baba ni mmoja. Wananiitikia vizuri, "Yes, teacher," kisha wanaandika are.

Nilipopandisha sauti, msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye koo la kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, alisimama. Kwa adabu zote akaniambia kwamba ubaoni hapo hapo nimeandika "The goat is fat," na sasa nataka baba yake apewe neno lile lile alilopewa mbuzi.

Nilitoka nje nikajifanya nafuata chaki ofisini. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa na hasira pia, maana mimi ni mtu wa hasira za haraka, lakini hasira na kicheko vilikuwa vinagombania mdomo mmoja na kicheko kikashinda.

Ukuta wa kati ya darasa langu na la jirani ulikuwa na matatizo yake. Haukufika juu. Ulikuwa umejengwa hadi usawa wa kichwa cha mtu mrefu, halafu fedha au nguvu za wanakijiji zikaisha, na upande wa pili alikuwa akifundisha mwalimu wa hesabu. Alisikia kila kitu nilichosema, nami nilisikia kila alichosema, ingawa yeye hakusema mengi. Alikuwa Mkonongo wa Inyonga, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutoa sentensi moja na kunyamaza, akikuachia wewe kazi ya kuendelea. Kila akitoka likizo kwao aliniletea asali kwenye chupa ya soda. Hakuniambia nimekuletea. Aliiweka juu ya meza yangu ofisini, akaenda kukaa kwenye meza yake na kusahihisha madaftari kwa bidii isiyo ya kawaida.

Nilimpenda. Nasema hivyo leo bila kuona haya, lakini siku zile ningeulizwa ningekana mbele ya hakimu. Nilipenda hata namna alivyokohoa kabla ya kuandika ubaoni. Na uhamisho wake ulikuwa umeshatangazwa: shule ikifungwa Desemba, anarudi Inyonga, siku nzima ya lori wakati wa masika kama lori halijakwama. Walimu wenzetu walitutania mpaka wakachoka. Yeye alitabasamu tu. Nikawa nahesabu moyoni kwamba akiondoka bila kusema neno, sitamfuata, nitabaki na chupa tupu za soda na watoto wanaowapa baba zao are.

Jumamosi moja mama mwenye nyumba niliyepanga kwake alinichukua kwenda kwenye posa ya jirani. Alikuwa mama wa makamo, mnene, Mrundi wa kuzaliwa, aliyeniita mwana wanje, yaani mwanangu, tangu siku nilipoweka kitanda changu katika chumba chake cha uani. Nilikwenda kwa ajili ya ndizi na maharage. Nikarudi na somo.

Posa yao inaendeshwa na wasemaji wawili, mzee wa wageni na mzee wa wenyeji, na hakuna anayesema kilichowaleta. Wageni wanadai wamepotelewa na ndama. Wenyeji wanauliza nyie ni nani hasa. Sisi ni wasafiri. Ndama wenu yukoje? Ni mzuri, anaonekana mwenye afya, ni mpole. Mbona ndama wetu ni wengi, wenu ni yupi? Wanabishana hivyo saa nzima kwa ufundi mkubwa, na msemaji akiteleza ulimi, upande wa pili unamdaka na kumtoza faini ya kibuyu cha pombe ya ndizi. Mimi nimekaa pale na sahani yangu, ghafla nikaona. Katika maneno yote yale hakuna mtu aliyekimbia, aliyekata wala aliyepika. Ilikuwa ni kuwa, kuonekana, kufanana, kugeuka. Vilikuwa ni vile vile vitenzi vyangu, visivyofanya kazi yoyote ila kukaa katikati na kumuunganisha mtu na jinsi alivyo.

Nilitaka kusimama niwaambie wote. Kwa bahati mama mwenye nyumba alikuwa amekalia pindo la kanga yangu.

Mwisho kabisa wageni walitoa jembe. Mama alinieleza kwa sauti ya chini kwamba isuka, jembe la posa, lazima liwe jipya, halijaonja udongo hata mara moja, na hufungwa kwenye kitambaa. Mama wa binti hulipokea mbele ya watu na kuliweka nyuma ya mlango. Binti asipotaka, hurudishwa kimya kimya likiwa safi vile vile, na hakuna anayeulizwa kitu. Akitaka, atalichukua mwenyewe akalime mahali ambapo mchumba atamwona. Mwalimu wa hesabu alikuwapo pia, upande wa wanaume, akiongea na mtu kuhusu tairi la baiskeli. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Jumatatu niliingia darasani mbio. Niligawa darasa, upande wa dirishani wageni, upande wa mlangoni wenyeji, na nikaweka ndoo ya togwa mbele kwa ajili ya faini: ukimdaka mwenzako kiima na kitenzi havipatani, upande wako unakunywa. Sijawahi kuona watoto wakipenda sarufi namna ile. "Who are you?" wenyeji wanauliza kwa dharau. "We are visitors. Our calf is lost." Kijana akitamka "Our calf are lost," madawati yanagongwa, kikombe kinazunguka. Wakafika mahali pa kutegana. Wageni walileta kapu la ndizi, msemaji wao akasema "A basket of bananas are here," na yule msichana mwenye sauti akaruka juu: kapu ni moja, ndizi ni za ndani tu, zisijifanye kichwa cha maneno. Nilisikia upande wa pili wa ukuta mtu akikohoa, halafu darasa zima la hesabu likacheka.

Suala la baba na mbuzi walilitatua wenyewe. Niliwaambia Waingereza wana neno moja tu kwa mfalme na kwa kuku, sina la kufanya. Wakashauriana kwa Kirundi, wakarudi na uamuzi kwamba watatamka is, ila ikiwa ni ya mtu mzima watainama kidogo magotini wakati wa kuitamka, ili mzee asipoteze kitu. Nilikubali haraka kabla hawajabadili mawazo. Kuanzia hapo darasa langu lilikuwa likisoma huku linapanda na kushuka, na mimi mwenyewe nikajikuta nainama kidogo nikimtaja mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu aliposikia, alitaka tuonyeshe siku ya wazazi, siku ya kufunga shule. Hapo ndipo ilipoanza shughuli. Hakuna msichana aliyekubali kuwa ndama. Walisema mama zao hawataki mchezo wa kukalia mkeka wa posa kabla ya wakati, kuna kujitia nuksi. Nikasema basi tutaweka kiti kitupu. Yule msichana wa mbele akasema kiti hakiwezi kuwa she. Ni it. Darasa likapiga madawati, na kwa kuwa faini ni faini, walikunywa togwa, na ndama nikawa mimi.

Sasa wakahitaji mchumba, na hakuna mvulana aliyethubutu hata kuutazama mkeka ule. Walikaa wakanong'ona. Wakati wa mapumziko msichana yule yule alikwenda mwenyewe, bila kunitaka ruhusa, akamwambia mwalimu wa hesabu kwamba wanamhitaji awe he. Niliambiwa baadaye kwamba alisema "Sawa," kisha akafunga ofisi na kuondoka na ufunguo, huku mwalimu mkuu akiwa ndani.

Kazi yake ilikuwa nyepesi, kwa sababu kwenye posa zao mchumba haongei. Anasimama nje anasubiri kusemewa. Nikajiambia imemfaa sana hiyo. Kuhusu jembe, nilimwagiza kijana msemaji wa wageni achukue moja stoo ya shule, lolote, yote yalikuwa yamelika yamebaki vijiko. Mama mwenye nyumba alikubali kuwa mama wa binti, na akasema hatasema Kiingereza, ataitikia tu kwa uso.

Siku ya wazazi mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na watu wakajaa uwanjani na viatu vyenye matope. Nilikaa kwenye mkeka nimefunikwa kanga kichwani hadi magotini, joto la ajabu, naona miguu ya watu tu. Nilikuwa nimejawa na furaha ya kipumbavu. Posa ilianza na watoto wakasema kwa sauti ambazo zilifika barabarani. "She is clever." "She looks strong." "Her eyes are big." Hilo la macho halikuwamo kwenye mazoezi, nikaandika moyoni kumkamata aliyelisema. Kila ilipofika "Our grandfather is here," watoto wote waliinama magotini kwa pamoja, na wazee waliokaa mbele, bila kuelewa neno hata moja, wakaona wameamkiwa, wakainama nao kwenye viti vyao. Watoto wakaona wazee wameinama, wakainama tena. Ilichukua muda kumalizika. Mimi chini ya kanga nilikuwa nang'ata kiganja.

Kisha msemaji wa wageni akaleta jembe, limefungwa kwenye gunia. Niliona miguu ya mama mwenye nyumba ikisogea, nikasikia gunia likifunguliwa. Miguu yake haikuondoka. Miguu mingine ikasogea karibu, kwanza ya kina mama, kisha ya wazee.

"Isuka hii ni mpya," mama akasema.

Mzee mmoja akauliza imetoka wapi. Kijana msemaji, akidhani amekosea sarufi, akajieleza haraka kwa Kiswahili kwamba la stoo lilikuwa limechakaa, asubuhi mwalimu wa hesabu akampa hili amelitoa mjini, akamwambia asiliweke chini. Nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi. Kisha kigelegele kikapasuka kutoka kona moja, na kingine, na kina mama wote wakalipuka, wazee wakaanza kupigana mabega, na mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu wa kuja na hakuelewa chochote, akasimama akapiga makofi na kusema darasa la sita limeiva kweli kweli kwa Kiingereza.

Nilifunua kanga kwa mbele kidogo. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama kule nje ya duara, kwenye tope, mikono nyuma, anatazama paa la shule. Kabla sijaona uso wake vizuri, umati ulinizunguka, na uliponiachia hakuwapo.

Nyumbani mama aliliweka jembe nyuma ya mlango wake, akanikalisha kwenye kigoda. Hakuwa anacheka.

"Mwana wanje, mimi nimelipokea mbele za watu. Huu si mchezo tena. Kesho anaondoka na lori. Nilirudishe au nikupe?"

Nikamwambia anipe nafasi nifikiri, na kufikiri kukanitoa jasho kuliko kanga. Mtu wa hesabu akiona jembe limelika, hununua jembe jipya. Pengine ndivyo ilivyokuwa na hakuna zaidi. Pengine siku ile ya posa ya jirani alikuwa anasikiliza habari za tairi tu. Nikilima nalo na yeye hakumaanisha kitu, Litapunga nzima itanicheka mpaka nistaafu, na yeye atakuwa Inyonga, hata hajui alichonifanyia. Nikilirudisha na alimaanisha, basi nimemkataa mwanamume pekee niliyewahi kumtaka, kimya kimya, kwa adabu, na hakuna atakayeuliza. Niliona afadhali kuchekwa.

Asubuhi nilivaa kanga kiunoni, nikalitoa jembe nyuma ya mlango, nikaenda shamba la shule lililo kando ya barabara, mahali ambapo hakuna atakayepanda lori bila kunipita. Udongo ulikuwa umelowa vizuri. Nililima kama mtu anayedaiwa na ardhi ile. Tope lilirukia usoni, na kila nilipoinua jembe nilimwona yule mama mwenye nyumba yangu amesimama kwenye kichuguu kwa mbali na wenzake, wamejifanya wanachuma mboga mahali pasipo na mboga.

Mwalimu wa hesabu alikuja na sanduku lake la bati kichwani. Akasimama. Akalishusha sanduku, akalitazama jembe, tope limelipaka hadi kwenye mpini, kisha akanitazama mimi. Nilisimama wima, pumzi imenikatika, tayari kwa lolote. Akakohoa.

"Mwalimu, hapo palishapaliliwa wiki iliyopita," akasema.

"Najua," nikajibu.

Lori lilikuwa limeshafika na dereva anapiga honi. Yeye hakugeuka. Akaniambia kwamba jana jioni yote alikaa na mlango wazi, akisubiri mama mwenye nyumba aje na jembe kwenye gunia, na kila mtu aliyepita alidhani ndiye. Nikagundua kwamba hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia. Hasira zangu zikaja zile za haraka. Miezi yote ile, asali yote ile, ukuta wenyewe haufiki hata juu. Nikamwambia si angeniuliza tu.

"Nimekuuliza," akasema. "Nimekuuliza mbele ya wazazi wote."

Nilicheka mpaka nikaegemea jembe, naye akaanza kucheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mtu mwingine kabisa. Watu wa kwenye lori wakaanza kupiga kelele kwamba kama ni maombi ya safari yameisha. Akasema atakuja na wajomba zake wakati wa Pasaka, njia ikikauka au isikauke. Akainua sanduku, akasahau upande wa kupandia, akazunguka lori zima kabla ya kumpata mtu wa kumpa mkono.

Lori liliondoka taratibu kwa ajili ya tope, na abiria wote waligeuka kunitazama, na yeye katikati yao. Sikujua mikono niiweke wapi. Basi nikainama nikaendelea kulima, shamba lililokwisha kupaliliwa, huku nacheka peke yangu, mpaka nikawa nimeng'oa mihogo ya shule mstari mzima.